Kiboksi cheusi chini ya usukani: miezi 11 na traka

Nyota tatu kati ya tano. Ningetoa nne, lakini moja ilizama kivukoni Likoni. Nitaifikia.

Mimi ni dereva wa teksi, Mombasa kisiwani, steji yetu haiko mbali na Mwembe Tayari. Gari ni Vitz la tajiri. Hesabu ni shilingi 1,500 kwa siku, petroli juu yangu, kinachobaki ndicho ninachopeleka nyumbani. Abiria wengine nawapata steji, wengine kwa apu, kwa hivyo nilipoambiwa gari litafungwa traka, kile kifaa kinachomwonyesha mwenye gari lilipo, sikushtuka. Nilijiona mtu aliyezoea kuonekana kwenye ramani. Kumbe apu unaizima ukaenda kula viazi karai kwa raha zako. Traka haizimwi.

Kampuni siitaji. Wao wana wakili, mimi nina mkopo wa chama.

Kwanza kitu chenyewe. Ni kiboksi cheusi, ukubwa wa kibiriti cha jikoni, pengine kinazidi kidogo. Fundi alikifunga gereji moja Shimanzi, akatumia kama dakika 40. Alitoa ile plastiki ya chini ya usukani, akaunga waya mwekundu kwenye moto wa betri, mweusi akaubana kwenye bodi, mmoja akaupeleka kwenye swichi ili kijue gari likiwashwa. Halafu akaja kwenye ule ambao ningepaswa kuuliza habari zake siku ileile: wa manjano, unaoingia kwenye rilei, yaani swichi ya umeme inayoamriwa na kiboksi. Akakata waya wa pampu ya petroli, akauunga tena kupitia rilei hiyo. Akavisukuma vyote ndani, akafunga zipu za plastiki, akaniambia, "Sasa hata akiiba jini, tutampata." Nikacheka naye. Tajiri alilipa 13,000 za kufunga, na kila mwaka 4,000 za laini na programu.

Ndani yake mna laini ya simu kama yako na yangu. Kiboksi kinapokea mawimbi ya setelaiti kikajua kilipo, kisha kinatuma habari hizo kwa mtandao wa simu. Mkipita mahali hapana mtandao, kinaweka, kinatuma baadaye. Ukichomoa betri kina kabetri kake kadogo, na jambo la kwanza kinalofanya ni kukusemea kwa tajiri. Mwenzetu mmoja alisikia mahali kwamba ukikizungushia foili kinapofuka. Alizungushia ile ya kufungia kuku. Baada ya dakika chache simu ya tajiri ikalia, traka imepoteza setelaiti, na jamaa akapigiwa akiwa bado na foili mkononi.

Kwa wizi sina neno baya juu yake. Gari la mwenzangu wa zamu ya usiku lilichukuliwa Mtwapa, abiria wawili, kisu. Yeye alishuka salama, alhamdulillahi. Tajiri akiwa kitandani aliliona gari kwenye simu likipita Mazeras kuelekea Mariakani. Aliwaachia polisi, na liliposimama akalikata moto. Likapatikana kando ya barabara kabla ya mizani, viti vyote vimo, redio tu imekwenda. Kwa usiku ule mmoja zile 13,000 zimekwisha kurudi. Mwenye gari akiniuliza leo afunge au asifunge, namwambia afunge, asubuhi na mapema.

Usahihi wake unategemea uko wapi. Daraja la Nyali, barabara ya Bamburi, Changamwe, hadi terminali ya treni ya SGR kule Miritini, kinakuwekea nukta juu ya lami hasa. Mji wa Kale kinababaika. Kule nyumba za mawe zimebanana, roshani zinakaribia kushikana mikono juu ya njia, na mawimbi yanagonga kuta mara mbili tatu kabla ya kukifikia. Siku moja nilikuwa Ndia Kuu nangoja masanduku ya bibi harusi, ujumbe ukaingia na picha ya ramani. Nukta yangu imo majini, mbele ya Bandari ya Kale, inakwenda kilomita 3 kwa saa.

"Baba Saumu, wafanya nini baharini?"

"Navua, Mama."

Alicheka. Tajiri wangu ni mama mwenye duka Kongowea, ana magari matano, si mtu mbaya, na nataka hilo lisomeke kabla sijaendelea. Sisi madereva ni saba, wengine mchana wengine usiku. Miaka mitatu kabla ya traka alikuwa akiniuliza mambo mawili tu jioni: hesabu, na gari lina mlio wowote? Ripoti ndiyo iliyomfundisha maswali mengine.

Ripoti huja kila usiku kwenye simu yake. Ina saa ya kuwasha, saa ya kuzima, kasi ya juu, kilomita, na mwisho safu nyekundu iitwayo Kusimama. Ukituama zaidi ya dakika kumi unaingia mle. Chini kabisa programu inajumlisha yenyewe na kuandika: Muda uliopotea.

Sasa angalia Ijumaa yangu moja, nimeinakili kama ilivyo. 12:31 hadi 13:22, Majengo, kusimama, dakika 51. 15:44 hadi 15:58, Tononoka, dakika 14. 18:36 hadi 18:52, Mwembe Tayari, dakika 16. Juu ya hizo kuna dakika 53 za foleni ya kivuko, nikiwa nimempeleka abiria upande wa kisiwa tu na magari yamenizingira pande zote. Muda uliopotea: saa 2 dakika 14.

Mswalihina yeyote akitazama saa zile tatu za kwanza haulizi. Tajiri naye husali, tena vipindi vyake havipiti. Lakini nyekundu ina nguvu zake.

"Baba Saumu, mbona Majengo dakika hamsini na moja?"

"Nilikuwa msikitini, Mama. Ijumaa."

"Oh, haya. Mungu akutakabalie."

Ijumaa iliyofuata akaniuliza tena. Na ile iliyofuata. Si kwamba alisahau kuna Ijumaa. Simu ilikuwa ikimuuliza yeye kwanza, naye akinipasia mimi.

Nilimwonyesha ripoti hiyo ami yangu. Ami ni ndugu mdogo wa baba, aliendesha teksi za manjano New York miaka mingi, akarudi na goti bovu na koti la baridi ambalo halina kazi hapa. Siku hizi ukimtaka nenda Kibokoni baada ya alasiri, yuko barazani na kahawa chungu. Alivaa miwani, akasoma safu nyekundu mpaka chini, akasema, "Hiki ndicho tulichogomea."

Nikadhani ananitania. Akanisimulia mpaka adhana ya magharibi.

Ilikuwa 2007. Jiji la New York liliamuru teksi zote za manjano, kama elfu 13 hivi, zifungwe mtambo mmoja wenye vitu vitatu: mashine ya kadi, kioo cha televisheni mbele ya abiria wa nyuma, na GPS, ile ya setelaiti inayojua gari lilipo. Madereva walikuwa na malalamiko kwa kila kimoja. Kadi ilikuwa na makato ya asilimia 5 yanayomwangukia dereva. Televisheni ilikuwa ikisema matangazo yaleyale masikioni mwao zamu nzima. Na GPS, kwa nini mtu ambaye si mwajiriwa wa jiji, anayekodi gari kwa siku kama mimi ninavyolipa hesabu, aandikwe kila anapopita? Chama chao, New York Taxi Workers Alliance, kikiongozwa na mama mmoja, Bhairavi Desai, kikaitisha mgomo wa saa 48, tarehe 5 na 6 Septemba. Wiki hiyo jiji lilikuwa na wageni wa mashindano ya tenisi ya US Open. Meya Bloomberg akasema mgomo haukushika, chama kikasema umeshika. Ami hana takwimu. Anachokumbuka ni kwamba jiji liliruhusu teksi zilizobaki barabarani kubeba abiria wengi pamoja kwa nauli za kanda, na yeye alilala mpaka saa nne asubuhi kwa mara ya kwanza tangu afike Marekani. Oktoba 22 wakagoma tena siku moja.

"Mkashinda?"

"Tushinde wapi. Zote zikafungwa." Akanywa kahawa. "Na kadi, mimi mwenyewe baadaye nikaipenda. Abiria wa kadi bakshishi yake kubwa kuliko ya wa mfukoni. Pale tulikosea, nakwambia kweli. Kwa ile GPS hatukukosea."

Hapo ndipo nilipoacha kahawa yangu ikapoa. Wakati wa mgomo jiji lilisema GPS ni ya kumtafutia abiria mzigo aliousahau na kuweka kumbukumbu za safari, si ya kumwinda dereva. Machi 2010 jiji lilichambua kumbukumbu hizohizo likatangaza kwamba madereva zaidi ya elfu 35 wamewatoza abiria nauli isiyo yao, dola milioni 8.3. Wezi, gazetini. Baada ya miezi miwili wakahesabu upya: madereva kama elfu 22, na dola milioni 1.1 hivi. Wapo walioiba, Ami habishi. Ila kuna maelfu waliokwisha kuitwa wezi na sasa hawamo, na hakuna aliyekwenda nyumbani kwao kuwaambia samahani.

Halafu 2014. Raia mmoja aliomba kumbukumbu za teksi kwa sheria yao ya habari, jiji likampa safari zote za 2013, zaidi ya milioni 173. Namba za madereva zilikuwa zimefichwa, lakini kwa fumbo hafifu. Mtu wa kompyuta akalifumbua kwa muda mfupi. Mapema 2015 mwingine akaonyesha mtandaoni kwamba ukipanga saa ambazo teksi zimesimama, ukaziweka kando ya nyakati za swala, unaweza kukisia dereva gani ni Mwislamu.

Ami alinirudishia karatasi yangu, kidole kikiwa juu ya 12:31.

Sasa Likoni. Nilichukua abiria hospitali, bibi mmoja mtu mzima, mguu umo kwenye plasta mpaka gotini, na mwanawe wa kiume. Wanakwenda Mtongwe. Nikapanga foleni, tukaingia feri, nikazima injini kama kawaida. Katikati ya maji simu yangu ilitetema, sikuitazama, nilikuwa nampepea bibi kwa gazeti kwa sababu ya joto. Feri ikagusa ng'ambo, mlango ukalala, wa miguu wakamiminika, gari la mbele likaondoka. Nikawasha. Injini ikashika sekunde mbili, ikafa. Nikawasha tena, stata inazunguka vizuri, moto haushiki. Betri nzima, petroli nusu tangi. Nyuma yangu lori la saruji linapiga honi, na juu yetu ile njia ya Likoni inayopanda.

Nikaona waya wa manjano mbele ya macho yangu kama vile fundi bado ameushika.

Vijana waliosukuma gari lile, Mungu awape. Walikuwa sita, wawili na baiskeli zao wameziegemeza kwenye kingo, "Haya, moja, mbili!", na bibi ndani ameushika mguu wake kwa mikono miwili akisoma aya ambazo nilizisikia vizuri sana. Mwanawe alikuwa anasukuma na huku ananitazama. Tulilifikisha pembeni. Nikapiga kwa tajiri, simu haipokelewi, alikuwa harusini. Nikapiga namba ya kampuni iliyo kwenye kibandiko cha kioo. Muziki. Bonyeza moja. Muziki. Binti akapokea, adabu nyingi, akaniambia gari limetoka nje ya mipaka iliyowekwa na mwenye akaunti, na mwenye akaunti ndiye pekee anayeweza kulifungua. Nikamwambia ndani kuna mgonjwa. Akaniambia pole, na kwamba simu yangu ni muhimu kwao.

Dakika 25 juani. Bibi alihamishiwa tuktuk, mguu hauenei, wakaukalisha juu ya begi. Sikuchukua nauli, na nikalipa ya tuktuk.

Habari yenyewe ni kwamba fundi siku ya kufunga alimsaidia tajiri kuchora mpaka kwenye ramani, kama mtu anayezungushia shamba ua. Ndani ya ua: kisiwa chote, Nyali na Kisauni hadi Mtwapa, Changamwe hadi Miritini na uwanja wa ndege. Likoni haimo. Tajiri hapendi magari yake yavuke, kwa sababu ya foleni. Ni haki yake, gari ni lake. Lakini chini ya mchoro kulikuwa na kitufe, "Kata moto likitoka", na fundi alikibonyeza bila kueleza maana yake, na mimi niliyekalia usukani sikuambiwa kama kuna ua. Wanajisifu kwamba kiboksi hakikati gari likiwa mbioni, kinangoja mwendo ushuke. Kweli, kilingoja. Kilingoja mpaka niko juu ya maji nimezima.

Jumatatu yake sote saba tulikwenda Kongowea, tukaweka funguo tano juu ya kaunta ya duka lake, kati ya mizani na kopo la binzari. Hatukwenda kwa kelele. Mkubwa wetu alisema, "Mama, sisi hatuikatai traka. Tunakataa kukatiwa njiani na kuulizwa msikiti." Akakasirika, akasema tumemvunjia heshima mbele ya wateja. Tukaondoka. Siku mbili magari yalilala na siku mbili sikuleta kitu nyumbani. Mke wangu alipika mbaazi mara nne bila kusema lolote, na huo mpangilio wake naujua. Siku ya tatu tajiri akatuita, chai, mahamri, na kijana wake anayejua simu.

Tulichopata: kitufe cha kukata likitoka kimezimwa. Gari linakatwa tu kama dereva mwenyewe amepiga simu ya wizi, au hapatikani kabisa na liko mahali pa ajabu. Ua umebaki, ila ukivuka unapeleka ujumbe, haukati. Onyo la kasi limebaki vilevile, na hapo sina hoja, wenzangu wa usiku wanajijua. La mwisho, na ndilo ninalolithamini zaidi, kila dereva amefunguliwa akaunti ya kutazama gari analoendesha. Ninachoandikiwa nakiona.

Hilo la mwisho nililiomba kampuni kabla ya funguo kuwekwa kaunta. Nilisoma kwamba Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inampa mtu haki ya kuambiwa habari zake zinatumika vipi, na ya kuziona. Nikawaandikia. Wakajibu kwa mistari miwili kwamba mteja wao ni mwenye gari. Kwa huduma, basi, nyota moja, na hiyo ni kwa ajili ya yule binti, maana sauti yake ilikuwa ya huruma hata kama mikono yake ilifungwa.

Nashangaa kidogo kwamba jambo hili halizungumzwi. Madereva wa apu walipogoma Julai 2018 neno lilikuwa nauli na makato, na kanuni za 2022 zikaja zikasema makato yasizidi asilimia 18. Pesa tunaijadili steji mpaka povu linatutoka. Ramani iko mikononi mwa nani, nasikia kimya.

Na ili nisionekane nina kinyongo na chombo: mwezi uliopita abiria alidai nimemkosesha treni ya saa tisa alasiri, anataka nauli yake na bei ya tiketi. Nikafungua akaunti yangu mbele yake, terminali ya Miritini, 14:21. Nilimfikisha saa nane na dakika 21, na yeye alikaa pale nje kwenye simu nikimwona. Akanyamaza, akaomba radhi. Bila kiboksi ningelipa, kwa sababu abiria akipandisha sauti mimi huwa nalipa.

Kwa hiyo, dereva mwenzangu, ukisikia tajiri wako anataka kufunga, usipoteze nguvu kukataa. Nenda ukasimame na fundi. Muulize waya wa manjano unakwenda wapi. Muulize kuna ua au hakuna na umepita wapi, ukiwa umeshika ramani, na kama unavuka Likoni mwambie mbele ya tajiri akusikie. Akaunti yako ya kutazama idai siku hiyohiyo, kabla plastiki haijarudishwa mahali pake.

Ada ya mwaka inaingia mwezi ujao. Tajiri aliniuliza tuendelee nao au tutafute wengine, nikamwambia alipe, ubaya wa hawa tumeshaujua. Niliomba kitu kimoja tu, lile neno Muda uliopotea waliondoe, au waandike Kusimama peke yake. Kijana wake akawapigia. Wakasema halibadilishiki, programu imekuja hivyo kutoka huko ilikotengenezwa. Basi Ijumaa, saa sita u nusu mchana, mimi hupotea dakika 51, na tajiri siku hizi haulizi tena.